Kichupa cha Kwapani

Nikianza na mahali alipozaliwa na majina ya wajomba wake nitasema uongo, maana sijui hata moja. Nitaanza na mkono wake wa kuume. Miaka yote niliyomjua, mkono ule ulikuwa umebanwa ubavuni kama wa mtu aliyeficha kuku wa kuiba, na Butembo nzima ilimtambua kwa mkono huo kabla ya kumtambua kwa uso. Alipita barabarani amebana. Alisalimia kwa kushoto, jambo ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa matusi, lakini kwake wazee walilipokea bila kununa. Aliandika ubaoni kwa kushoto, herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua ya mawe. Hata kanisani aliimba amebana, na sauti yenyewe ilitoka imebanwa vilevile.

Kwapani mlikuwa na kichupa cha kioo, chembamba, kisichozidi kidole, kimezibwa na kuzungushiwa kitambaa safi. Ndani mlikuwa na maji ya damu ya mtu mzima, yale ya njano yanayobaki juu damu ikishatulia, pamoja na punje ndogo ya kitu kilichoota kutoka kwa mgonjwa. Kitu hicho kilihitaji joto la mwili wa binadamu kwa muda wa saa mbili au tatu ndipo kijionyeshe ni nani. Lopitali ilikuwa na mashine ya joto, ndiyo, lakini mashine ilitegemea umeme, na umeme wa Butembo ulitutembelea kama mjomba wa Kinshasa: unakuja unajisikia, na ukiondoka hauagi. Donc yeye mwenyewe akawa mashine.

Tulimwita Papa Labo. Mchana alikuwa laborantin wa lopitali, yule anayepokea damu na mikojo na makohozi ya mji mzima na kuviangalia kwa mikroskopi. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, alikuwa mwalimu wetu wa biologie kwenye masomo ya watu wazima. Darasa letu lilikuwa na mwashi mmoja, akina mama wawili wa sokoni, dereva wa moto, yaani pikipiki, na mimi fundi wa kushona, mwenye sharubu tayari na cherehani mbili, niliyekaa kwenye dawati la watoto hadi magoti yakagusa masikio. Cheti nilichopata pale nimekitundika ukutani juu ya cherehani, na mteja akija kupima suruali nasogea pembeni kidogo ili akione vizuri.

Sasa Papa Labo hayuko Butembo tena. Aliondoka kwa sababu ya siku mbili katika ugonjwa wa dada yangu mkubwa, na kwa sababu mimi, mwenye mdomo unaoweza kuuza koti kwa mbuzi, nilinyamaza siku niliyotakiwa kusema. Nataka arudi. Naandika kwa ajili hiyo, na kwa sababu nimemkosa.

Nikubali mapema kwamba mimi huongeza chumvi. Nimezaliwa nayo. Papa Labo naye alikuwa adui wa chumvi. Siku ya kwanza darasani aliuliza katika tone la maji ya mtaro kuna nini. Nikasimama. "Papa, kuna mikrobi milioni kumi."

Akanitazama. "Ulihesabu?"

"Hapana, Papa."

"Sema basi 'iko mingi', kisha ukae."

Ndivyo alivyokuwa. Alisema alichokiona, na akishafika mwisho wa alichokiona alinyamaza, hata kama sentensi ilikuwa haijaisha. Mke wake, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichosikika hadi ng'ambo ya bonde, alitusimulia mbele yake: "Siku ya ndoa nilimuuliza kama ananipenda. Akanijibu: mpaka leo, ndiyo." Tukacheka hadi benchi ikalia. Papa Labo hakucheka. Alisema tu kwamba siku ile ilikuwa ni saa nne asubuhi, na asingeweza kujibu juu ya mchana.

Usifikiri kwa hiyo alikuwa mkavu. Kwa vidudu alikuwa na maneno mengi kuliko kwa watu. Watu aliwasemesha Kiswahili, waganga, yaani madaktari wa lopitali, Kifaransa, na vidudu Kinande. Asubuhi alipofungua visahani vyake vya kuoteshea alivisalimia, "Wavukire," kama mtu anayepita kwa jirani. Kikiota kitu kisichofaa alikikemea polepole, na kikiota kizuri alikipongeza kwa ukuaji wake. Halafu alikiua, maana ndiyo kazi.

Na huyu mtu ambaye damu ya mji mzima ilipita mikononi mwake hakuweza kuona yake. Mara moja infirmier, muuguzi wa lopitali, alijaribu kumchoma, akaanguka na kiti, chali, viatu juu. Kwa hiyo maji ya damu ya kwenye kichupa hayakuwa yake. Yalikuwa ya mke wake. Kila mwanzo wa wiki mama yule alinyoosha mkono, akatoa kidogo, huku mume wake ameangalia dirishani. Halafu wiki nzima Papa Labo alitembea na damu ya mke wake kwapani. Mama alijisifia jambo hili sokoni: hakuna mwanamke wa Butembo anayebebwa na bwana wake zaidi yake.

Jambo lililomletea taabu lilikuwa kasiksi.

Papa Labo alikuwa Mprotestanti wa kweli, shemasi, wa familia ambayo hata juisi ya ndizi ikikaa usiku mmoja inamwagwa. Pombe hakuwahi kuonja. Lakini kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuingia kazini, alipita kwa mama mmoja nyuma ya soko na kununua kichupa kidogo cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ile ambayo wengi wetu tuliinywa kabla hatujaota meno. Alikipeleka labo, akachukua tone moja, akaliweka chini ya mikroskopi na kuangalia kwa muda mrefu. Kilichobaki alikimwaga jioni.

Alituonyesha sababu. Jioni moja alileta mikroskopi darasani, ameifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, naye ameketi nyuma ya moto, uso mweupe kwa vumbi. Tukapanga mstari. Mmoja baada ya mwingine tuliinama na kuona vitu vyenyewe: vya mviringo kidogo, kama mayai, na pembeni mwa kila kimoja kichwa kidogo kikichomoza, kama kiazi cha Musienene kilichosahaulika jikoni kikaanza kuota. Hiyo ni levure, hamira, alisema. Na hamira na ukungu wa mkate na uyoga wa porini ni jamaa moja, wote ni kuvu. Mwashi alipotoa jicho pale alikuwa ameloa jasho. Akaapa hatakunywa tena maisha yake yote, na alishika neno lake siku nne nzima.

"Hizi za kasiksi hazina ubaya," Papa Labo alisema. "Lakini zina ndugu zao. Ndugu zao wanakaa mu kinywa yako na mu tumbo yako, tangu ulizaliwa. Ni wapangaji batulivu. Hawasumbui mutu."

"Sasa tunawaogopa juu ya nini?" aliuliza mama mmoja wa sokoni.

"Juu ya siku mugonjwa anazidiwa. Tumbo imeharibika ndani, mipira iko mu mishipa, na munganga anatia antibiotique, anaongeza ingine, anaongeza ingine. Antibiotique inafukuza majirani bote ba parcelle. Lakini ule mupangaji, antibiotique haimuone. Njo anabaki peke yake, anafungua milango yote, anaingia mu damu."

Shida ni kwamba chini ya mikroskopi ndugu hawa wanafanana. Kuwatofautisha kulikuwa na njia moja aliyoiweza kwa vifaa alivyokuwa navyo: waweke katika maji ya damu, kwa joto la mwili, kisha usubiri. Hamira ya pombe itabaki ya mviringo. Yule ndugu mbaya atatoa mkia. Hapo ndipo kwapa lilipoingia.

Na kwa kuwa levure katika damu ya mgonjwa ni jambo la nadra, linaloweza kupita mwaka bila kuonekana, aliogopa jicho lake litasahau. "Weye fundi," aliniambia, "usipokata nguo wiki tatu, mkasi wako unaenda wapi?"

"Unaenda kando, Papa."

"Voilà. Na jicho vilevile."

Mtu mzima na shemasi, kila Ijumaa na chupa ya kasiksi chini ya koti. Ungetegemea nini? Wazee wa kanisa walimwita. Nilisikia habari yote kutoka kwa mke wake, aliyekaa nje ya dirisha akisikiliza bila haya. Mchungaji aliuliza kwa heshima: "Papa, ile chupa ni ya nini?"

"Ya kuangalia."

"Unaangalia pombe?"

"Kila Ijumaa."

Huo ndio ulikuwa utetezi wake. Mke wake alikuwa tayari kubeba mikroskopi kichwani na kuiweka madhabahuni wazee wajionee. Alikataa. Akasema ile mashine ilinunuliwa kwa wagonjwa, haikununuliwa kwa kujitetea. Wakamtoa ushemasi, akahamia benchi ya nyuma kabisa, karibu na mlango unaopitisha baridi, na akaendelea kuimba vibaya kutoka kule. Ijumaa iliyofuata alinunua kasiksi kama kawaida.

Nilidhani halikumuuma. Nilidhani vibaya, na hilo nilikuja kulijua kwa gharama ya dada yangu.

Yaya, ndivyo nilivyomwita, aliuza maharagwe ya Musienene sokoni na alinilea baada ya mama yetu kufariki. Ndiye aliyeniandikisha masomo ya jioni. "Weye unajua kuongea," aliniambia, "sasa jifunze kusema kitu." Siku moja alikunjika juu ya magunia yake, mikono tumboni, maumivu yanampiga hapa juu ya kitovu na kutokea mgongoni, anatapika hata maji. Tulimbeba lopitali. Munganga, kijana mpole aliyesomea upasuaji, alisema jiwe la nyongo limeziba njia na kongosho limewaka. Kongosho, alitueleza, ni kiungo kinachotoa maji ya kupikia chakula tumboni; sasa maji hayo yamekosa njia na linajipika lenyewe.

Walimweka soins intensifs, chumba cha mahututi. Mimi nikawa garde-malade: nikalala uani kwenye mkeka na sufuria, nikapika uji ambao hakuruhusiwa kunywa, nikafua, nikaomba, nikasimulia walinzi hadithi zangu zote mara mbili. Juma la kwanza lilikuwa baya. La pili alianza kunijua. La tatu homa ikarudi, na safari hii ikagoma. Munganga alibadili antibiotique. Akaongeza nyingine. Akabadili tena. Na sisi familia, nasema wazi, tulifurahi, kwa sababu kila chupa mpya iliyotundikwa ilikuwa na jina refu kuliko iliyotangulia, na mjomba wetu aliuliza kila asubuhi kama hakuna yenye nguvu zaidi.

Papa Labo alipita kila siku. Alisimama mlangoni, akamwangalia Yaya, akaangalia chupa zilizotundikwa, akaondoka. Jumanne alichukua damu yake akaitia katika chupa ya kuoteshea.

Ijumaa asubuhi chupa ile ilikuwa imechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Alitia tone chini ya mikroskopi. Akaona mayai yenye vichwa.

Na juu ya meza ileile, hatua mbili kutoka kwenye mkono wake, kilikuwa kichupa cha kasiksi kilichofunguliwa.

Haya nayajua kutoka kinywani mwake. Alisimama pale na wazo la kwanza lililomjia lilikuwa: ni mimi. Ni pombe yangu imerukia damu ya mgonjwa. Angeweza kujua kabla ya saa sita mchana. Maji ya damu ya mke wake yalikuwepo, kwapa lilikuwepo. Angeyatia, angesubiri, angeona kuna mkia au hakuna. Lakini aliogopa kukosa mkia. Ukikosekana, ingekuwa hamira ya kasiksi, na ingebidi aende kumwambia munganga kwamba pombe yake imechafua damu ya watu, na wazee wa kanisa wangekuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Kwa hiyo alifanya kile ambacho laborantin yeyote hufanya kwa chupa yenye uchafu wa nje. Aliandika kwenye register neno moja, *souillure*, uchafu, akafuta meza, akamwaga kasiksi, na akaomba achukue damu mpya.

Alichukua damu mpya jioni ileile. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, ile chupa ya pili nayo ilikuwa imechafuka, na safari hii hapakuwa na tone la kasiksi katika labo nzima. Akatia vichupa viwili, kimoja cha chupa ya Ijumaa na kimoja cha chupa mpya, akavibana vyote pamoja, akaenda kanisani. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri alipomwona mzee wa benchi ya nyuma anasimama na kutoka. Papa Labo alirudi labo, akaangalia vyote viwili. Mikia, kote.

Nilikuwa uani nasugua sufuria. Nilimwona anakuja mbio, mtu ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata mvua, suti ya ibada imejaa matope hadi magotini. Alimkuta munganga mlangoni.

"Docteur, haiko bacterie. Ni levure. Ina mukia."

"Papa, si uliandika souillure weye mwenyewe?"

"Nilikosea."

"Una hakika leo?"

"Leo niliona."

Munganga hakuuliza tena. Alitoa mpira uliokuwa kwenye mshipa wa Yaya akaweka mwingine upande wa pili, na akapiga simu kutafuta dawa ya kuvu, maana yetu ilikuwa imekwisha. Ikapatikana Beni. Kijana wa moto akaileta mchana uleule, ameifunga ndani ya koti, kwa ile barabara ambayo watu hawaipiti bila kuuliza kwanza habari za usalama wake. Jioni ilikuwa inadondoka mshipani. Jumanne homa ikashuka. Ijumaa Yaya alivuja damu ndani ya tumbo, pale kongosho lilipokuwa limeoza, na hakufika mchana.

Niliuliza munganga kama siku mbili zile ndizo zilizomuua. Akasema hajui, kwamba wagonjwa wa namna hii wanaweza kwenda hata dawa ikija mapema. Nilimwamini. Namwamini hadi leo, ijapokuwa si kila siku.

Kwenye matanga watu walijaa uwanja. Watu wa Lubero walikuja, wa Musienene walikuja na viazi, kanisa la Yaya lilikuja na kanisa la Papa Labo vilevile. Ilipofika zamu ya watu kutoa maneno, Papa Labo alisimama. Tulidhani ataleta salamu za lopitali.

"Mi njo laborantin," alisema, kana kwamba kulikuwa na asiyemjua. "Ijumaa niliona levure mu damu yake. Niliwaza ni ya kasiksi yangu, nikaona haya. Nikaandika uchafu. Nilipoteza siku mbili."

Mjomba wetu alisimama upande wa pili wa moto wa kahawa. "Zile siku mbili, njo zilimuua?"

"Sijui."

"Sema vizuri, Papa. Ndiyo ao hapana?"

"Sijui. Sikuona."

Laiti angesema hapana. Nawaapia, angesema hapana uwanja mzima ungemkumbatia, wangemlisha bugali na kumwita baba. Tulikuwa tumemfungulia mlango. Lakini hakuwa na hapana ya kutoa, na hakuazima ya mtu.

"Basi ondoka," mjomba alisema.

Papa Labo akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake, mimi ndiye mwenye marehemu, na neno langu lilitosha. Lingekuwa neno lolote, hata "kaa, Papa". Mdomo huu, uliosema na walinzi, na wateja, na mbuzi, ulikaa umefungwa. Akachukua kofia yake. Mke wake alimfuata.

Mwezi haukuisha wakahama. Nilisikia wako Mutwanga, chini ya Rwenzori, kwa binti yao. Labo ya lopitali ikapata kijana mwenye bidii. Darasani akaja mwalimu anayesoma kitabu mwanzo hadi mwisho, na ukimwambia mikrobi ni milioni kumi anaandika ubaoni: milioni kumi. Kila mara alipoandika kitu kama hicho nilitamani mtu aniambie nikae. Nilimaliza, nikapata cheti, nikafanya karamu, nikanunua kreti za soda zinazotosha jeshi, na katikati ya kelele nilijikuta naangalia mlangoni.

Nimemkosa mtu yule kwa namna ya ajabu. Nikishona kola nasikia anauliza kama nimepima. Nikimwambia mteja kitambaa hiki kitadumu miaka ishirini, nageuka. Na kwa Yaya vilevile, hawa wawili wamekuwa mlango mmoja kwangu. Nikimfikiria mmoja, mwingine naye anaingia.

Wakati wa jua uliopita nilikwenda. Nilifunga karakana, nikapanda gari hadi Beni, na kutoka Beni nikachukua moto hadi Mutwanga, vumbi limeingia hadi katika dhamiri. Njia nzima nilitayarisha hotuba. Ilikuwa na utangulizi, sehemu tatu na hitimisho lenye machozi.

Nilimkuta uani kwa binti yake, anageuza kakao kwenye turubai lililotandazwa juani, kwa reki ya mti. Amekonda. Nyuma yake mlima ulikuwa umejifunika mawingu wote. Mke wake alitoka jikoni, akaniona, akarudi ndani, na nikasikia anaanza kuosha sufuria ya wageni.

"Fundi," alisema Papa Labo.

"Papa."

"Ulipita Beni?"

"Nilipita. Njia iko muzuri leo."

Akaendelea kugeuza kakao. Hotuba yangu yote ikaanguka mahali fulani, nadhani kwenye lile daraja la mwisho. Nikabaki na hili tu: "Papa, ile siku ya matanga, mi nilinyamaza."

"Nilisikia," alisema.

Kuku akaja akadonoa kakao, naye Papa Labo akamfukuza kwa mguu.

"Rudi Butembo," nikasema. "Banafunzi banakungoja. Ule mwalimu mupya hajue kuuliza. Hata mjomba alisha kutulia, mi nilisema naye."

"Alisema nirudi?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Hapana. Alisema ukirudi hatakufukuza."

Aliitikia hiyo kwa kichwa, akaipima, na naamini aliikubali kwa uzito wake. Lakini hakusema atarudi. Aliegemeza reki ukutani, akaketi kwenye benchi, akanionyesha nafasi karibu naye.

"Dawa iliingia Jumapili," alisema. "Jumanne homa ilishuka, infirmière aliniambia. Ijumaa alikufa. Jumatano iko nini? Mi sikuingia. Nilifika mpaka mulango, nikaogopa kumuona, nikarudi. Tangu ile siku najiuliza Jumatano ilikuwa nini, na sina mutu wa kuuliza."

Sijui kama mtu amewahi kuniuliza swali kwa njaa vile. Nilikuwa na majibu tayari, majibu mazuri: kwamba aliketi, alikula sahani mbili za sombe, aliimba, alitembea hadi dirishani, alibariki kila mtu kwa jina. Yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Nikayameza.

"Alisema na miye," nikamwambia. "Kutoka kisha chakula ya muchana mpaka mvua ilianza. Masaa matatu. Labda matatu na nusu. Kisha akachoka, na Alhamisi hakusema tena."

"Alisema nini?"

"Aliniona shati yangu haina kifungo. Akasema: fundi mzima, unatembea kifua wazi, nani atakuletea nguo? Akaniambia nitoe kifungo ya mukono nikishone hapo mbele yake. Nikashona. Akasema kimekaa upande."

"Kilikaa upande?"

"Kilikaa upande. Kisha akauliza kama maharagwe ya Musienene imeiva. Akamwigiza ule infirmier wa zamu, vile anatembea. Akacheka."

Papa Labo aliinua uso. "Alicheka?"

"Alicheka."

"Kwa sauti?"

"Mpaka infirmière aliingia kuangalia ni nini."

Dereva wa moto alikuwa amesimama barabarani na injini inawaka, akapiga honi, akaniita: kama tunataka kufika Beni mchana, ni sasa. Nilinyanyuka nusu. Papa Labo alinishika mkono wa shati na kunirudisha kwenye benchi, bila nguvu, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake.

"Mwache aende," alisema. "Ingine itapita. Anza tena, hapo fasi ya kifungo. Na usikimbie."